Bidhaa Iliyobadilishwa Umbo

Siku sanamu ilipoletwa, fundi aliibeba kwa mkono mmoja. Hilo alilikumbuka vizuri, na baadaye alilisema mbele ya afisa bila kupepesa macho: mkono wa kushoto alikuwa amempakata mwanawe, mkono wa kulia akashika boksi, mlango akaufunga kwa kisigino. Ilikuwa nyepesi kama kapu tupu.

Ilikuwa sanamu ya kushonea, ile wanayoitumia mafundi wakubwa: kiwiliwili cha mwanamke kisicho na kichwa wala mikono, kimevikwa kitambaa cha kijivu, kimesimama juu ya mguu mmoja wa chuma. Ubavuni ilikuwa na vishikio vidogo vya kuzungusha. Ukivizungusha, kifua, tumbo na nyonga hupanuka au hupungua, mpaka sanamu iwe na umbo la mteja wako.

Fundi alikuwa ameitamani kwenye simu kwa wiki sita, akiifungua na kuifunga kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Mwishowe akafanya jambo ambalo hakumwambia hata mumewe aliyekuwa safarini na lori. Alichukua ada ya mtihani wake. Alikuwa anasoma darasa la jioni la biashara ndogo, wanafunzi watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Mtihani ulikuwa mwisho wa mwezi. Hospitali ya jirani ilitafuta mshonaji wa sare, na sharti lilikuwa cheti. Bila ada hakuna mtihani, bila mtihani hakuna cheti. Lakini alijiambia kwamba sanamu itamletea kazi chapuchapu, na ada atairudisha kabla mwezi haujaisha.

"Makubwa!" alisema wifi yake, dada wa mume, aliyeishi nao na kusuka nywele za watu pale barazani. "Umemletea kaka yangu mke wa pili? Tena hana kichwa!"

"Ndiyo raha yake, wifi. Hana mdomo wa kubishania bei."

Walicheka mpaka mtoto naye akacheka, yule mtoto wa miezi kumi waliyemwita Kibonge kwa mashavu yake.

Nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea kulikuwa na gauni la buluu lililoning'inia, limeshonwa nusu. Mwenyewe alikuja mara moja tu, miezi mitatu iliyopita, ana mimba ya miezi sita, mcheshi, anatembea mkono ukiwa kiunoni. "Nishonee pana, fundi, na mfuko mmoja," alisema. "Huyu ana haraka ya kukua." Akalipa nusu, akaaga, hakuonekana tena. Simu yake haikupatikana. Fundi mwenye heshima zake hakati kitambaa cha mteja kushonea kitu kingine. Gauni lilibaki kwenye msumari likisubiri.

Basi siku ile, kwa kuijaribu sanamu, fundi alifungua daftari la vipimo, akatafuta mstari wa yule mama, akazungusha vishikio: kifua hivi, nyonga hivi, tumbo sentimita tisini na mbili, kisha akavifunga uzi visilegee. Akaivalisha gauni, akapachika pini. Likakaa vizuri mno. Halafu mkono wake, kwa mazoea tu, ukafanya unachofanya kila mara fundi anapomaliza kupima mtu. Kwenye safu ya mwisho, ile ya siku ya kuchukua, ukafuta tarehe ya zamani na kuandika mpya: wiki mbili kutoka leo.

Hakuna aliyemwambia aandike. Mkono uliandika kama unavyozima taa mtu akitoka chumbani.

Siku ya tatu pini mbili zilikuwa sakafuni. Fundi aliziokota haraka kwa kumhofia Kibonge, akajaribu kuzirudisha, na pindo mbili za gauni zikakataa kukutana. Akapima. Tumbo tisini na nne. Akaangalia vishikio: viko pale pale alipoviacha. Akailaumu tepu kwamba imevutika, akachukua nyingine, mpya, ya chuma. Tisini na nne.

Siku ya nne, tisini na sita. Alifungua simu akasoma tangazo upya. Tumbo la sanamu ile liliandikwa kuwa linaanzia sabini na mwisho wake ni tisini na tano. Likifika hapo, vishikio vinagota.

"Labda ni joto," alisema wifi, akiwa amesimama mlangoni, kitana kimechomekwa nywelani. "Si hata milango inavimba?"

"Mlango ni mbao, wifi."

"Na hii ni nini?"

Hakuna aliyejua hii ni nini. Wakaachana nayo, kila mmoja akarudi kwenye kazi yake, ila wifi hakuipa tena mgongo alipokuwa akitoka chumbani.

Siku ya tano, saa sita mchana, jua limesimama utosini, fundi alikuwa jikoni akipasha maziwa huku Kibonge akilia kule chumbani kilio chake cha njaa. Ghafla kilio kikakatika, kama redio iliyochomolewa. Mama yeyote anakijua kimya cha namna hiyo. Fundi aliliacha jiko likiwaka, akakimbia.

Kibonge alikuwa amesimama. Hakuwahi kusimama kabla ya siku hiyo. Alikuwa ameshika mguu wa chuma kwa mkono mmoja na upindo wa gauni kwa mwingine, shavu amelilaza kwenye kitambaa, macho yanasinzia. Fundi alipomchukua, mtoto alinyoosha mikono kuirudia sanamu, mikono miwili juu, vile anavyomnyooshea mama yake peke yake.

Shavu alilolilaza lilikuwa na joto. Fundi akaigusa sanamu kwa mgongo wa kiganja, kama unavyompima mtoto homa. Kona ile haikufikiwa na jua. Kitambaa kilikuwa na joto la mtu.

Hakupiga kelele. Alirudi jikoni, akazima jiko, akamlisha mwanawe, akamfunga mgongoni. Kisha akakaa barazani karibu na wifi yake na kuliandikia duka la mtandaoni alikoinunua.

"Habari, mpendwa mteja," likajibu Dawati la Huduma papo hapo. "Je, bidhaa inafanya kazi?"

"Inakua," aliandika fundi.

"Tafadhali fafanua."

"Tumbo linaongezeka lenyewe. Niliacha tisini na mbili, leo ni tisini na nane. Nataka kuirudisha na mnirudishie pesa yangu. Siku kumi na nne za kurudisha hazijaisha."

"Mpendwa mteja, kwa masharti yetu, bidhaa iliyobadilishwa umbo na mteja haipokelewi na pesa yake hairudishwi. Asante kwa kutuchagua."

"Sikuibadilisha mimi!"

"Tunaomba picha."

Akapiga tatu: mbele, ubavuni, na moja ya karibu inayoonyesha tepu ikiwa tumboni. Akazituma. Ilipita saa nzima kabla simu haijalia.

"Mpendwa mteja, picha zimepokelewa. Zinaonyesha mtu. Tunaomba picha za bidhaa."

Fundi alizifungua picha zake, moja moja. Sanamu. Kitambaa cha kijivu, gauni la buluu, mguu wa chuma. Akampa wifi simu. "Unaona nini?"

"Naona sanamu. Kwani wao wanaona nini?"

Akapiga nyingine tatu, safari hii ameivua gauni ili kusiwe na maneno. Jibu lilichelewa zaidi.

"Mpendwa mteja, tunakuomba usitutumie picha za watu, hasa wakiwa bila nguo. Mwanamke huyu anaonekana amechoka. Tafadhali mpe kiti. Ombi lako limefungwa."

"Wanakuchezea hao," alisema wifi. "Hawataki kutoa pesa, wanakupiga chenga." Lakini hakucheka, na wifi alikuwa mtu wa kucheka hata msibani. Asubuhi iliyofuata fundi alikuta sanamu imevalishwa tena gauni lake, na kigoda cha msusi kimewekwa nyuma yake.

"Usiniulize," alisema wifi. "Nimekuwekea tu. Si chombo chako?"

Baadaye, akiwa anachambua nywele za bandia, alisema bila kuinua macho: "Tukaitupe jalalani, wifi. Leo leo. Pesa utapata nyingine."

"Nitapata wapi? Mtihani ni baada ya wiki tatu."

"Basi kaa nayo mpaka izae."

Neno hilo likawarudisha wote wawili haraka kwenye kazi zao.

Jioni hiyo darasani somo lilikuwa mikataba. Mwalimu, mzee mwembamba aliyetembea na chaki mfukoni hata siku za mapumziko, alipouliza kama kuna swali, fundi alisimama, Kibonge akiwa amelala mgongoni.

"Mwalimu, duka la mtandaoni likikuuzia kitu kisichofanana na tangazo, halafu likatae kurudisha pesa, mtu anafanyaje?"

"Wana sababu gani?"

"Wanasema masharti yao."

"Masharti ya duka ni maneno ya duka," alisema mwalimu, akageuka ubaoni. "Sheria iko juu yake. Kitu kifanane na maelezo yaliyokiuza, basi. Kurudishiwa pesa si fadhila, ni haki yako. Waandikie barua rasmi, taja tangazo, taja tarehe, uwape siku. Wakikaidi, nenda ofisi ya malalamiko ya wateja. Tunza risiti, tunza meseji zote. Na kitu chenyewe usikitupe! Kitunze vizuri kuliko ulivyokikuta. Ukikitupa, umetupa ushahidi."

"Na kama kinatisha, mwalimu?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alimwangalia yule mama kijana, akaona macho yake hayajapata usingizi.

"Kutisha hakumo kwenye sheria, mwanangu. Kutofanana na tangazo kumo. Wewe shika hapo hapo, usiachie."

Akashika hapo hapo. Barua aliiandika mara tatu mpaka ikanyooka, akaituma kwa duka, nakala akaipeleka ofisi ya malalamiko. Duka likajibu kwa sentensi ile ile, umbo limebadilishwa na mteja. Ofisi ikajibu kwa kumpa siku ya kusikilizwa. Aliposoma tarehe, alirudia kuisoma: ilikuwa ile ile aliyoiandika mkono wake kwenye daftari, siku ya kuchukua.

Siku zilizobaki aliishi na ushahidi wake. Kila asubuhi alipima na kuandika, mia moja, mia moja na mbili, mia moja na tano, na kila asubuhi sanamu ilikuwa nzito zaidi kuisogeza wakati wa kufagia. Kibonge alihamishiwa kwa wifi barazani, ila alitambaa kurudi kila alipopata mwanya. Siku moja, tepu ikiwa imezunguka tumbo, kitu kiligonga kutoka ndani. Kiligonga polepole, kama mtu anayebisha mlango kwa kidole kimoja.

Fundi aliachia tepu. Alikuwa amekubeba kugonga huko kwa ndani miezi tisa mwenyewe, hakuhitaji kuelezwa. Hofu ilimpanda, kisha, jambo la ajabu, ikapita, ikamwachia kitu kingine kilichofanana na aibu. Alikuwa anampima mtu kila siku bila hata salamu.

"Samahani," alisema kwa sauti ndogo. "Napima tu. Nakaribia kumaliza."

Siku hiyo alifumua mishono ya ubavuni, akaongeza vipande alivyokuwa navyo vya buluu ile ile, akalimalizia gauni. Aliweka mfuko mmoja upande wa kulia, kwa sababu mwenyewe aliomba mfuko.

Siku ya kumi na nne walikodi gari. Ilibidi waishike watu wawili, na kutoka chumbani mpaka barabarani walipumzika mara tatu.

"Nusu kwa nusu," alihema wifi. "Mimi nimeshika upande wenye mtoto."

"Wifi, jamani!"

"Nani asiyeona? Tunajifanya tu."

Ofisi ya malalamiko ilikuwa chumba kimoja chenye feni ya dari, makabati ya chuma na kalenda iliyosahauliwa kwenye mwezi uliopita. Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Upande wa pili wa meza alikaa mwakilishi wa duka, mwanamume wa tai, ana faili moja nyembamba.

"Mteja ameitumia bidhaa," alisema mwakilishi. "Ameibadilisha umbo. Tena anatutumia picha zisizofaa. Masharti yako wazi."

"Vishikio viko wapi?" aliuliza afisa.

Fundi akamwonyesha. "Viko kwenye tisini na mbili, kama nilivyoviweka siku ya kwanza. Nimevifungia uzi, na fundo ni la siku hiyo."

"Na tangazo lako, ndugu, linasema mwisho ni ngapi?"

Mwakilishi alifungua faili. "Tisini na tano."

"Nipe tepu."

Afisa aliinuka, akaizungusha tepu tumboni mwa sanamu kwa mikono ya mtu aliyewahi kushona. Alisoma. Mkono wake ulibaki pale pale, umelala juu ya kitambaa cha buluu, na feni ikazunguka juu yao mizunguko mingi. Kisha akaondoa mkono taratibu, akavaa miwani, akavua, akakaa.

"Mia moja na kumi," alisema.

"Haiwezekani," alisema mwakilishi. "Chuma kinagota kwenye tisini na tano."

"Njoo upime mwenyewe."

Mwakilishi alipima. Alipogeuka, tai ilikuwa imemkaa vibaya, na hakumtazama mtu.

"Sheria," alisema afisa, akiandika huku anatamka, "haisemi chochote kuhusu bidhaa kukua. Inasema ifanane na maelezo. Hii haifanani. Mlalamikaji amevunja kitu gani? Hakuna. Amewahi muda? Amewahi. Duka litarudisha pesa yote, na litachukua bidhaa yake leo, kwa gharama yake." Akapiga muhuri. "Irudishwe kama ilivyopokelewa. Hilo gauni, mama, liondoe."

"Gauni si langu, mheshimiwa."

"Ni la nani?"

"La mteja. Alilipa nusu. Leo ndiyo siku yake ya kulichukua."

Afisa alimtazama fundi, akaitazama sanamu, akautazama mkono wake mwenyewe.

"Basi liende nalo," alisema. "Sheria haikatazi."

Boksi alilokuja nalo mwakilishi halikufaa kitu. Alisimama akikuna kichwa, kisha akaikumbatia sanamu ubavuni, mkono mmoja chini ya mgongo, akaanza kutoka. Fundi na wifi walimsikia kwenye ngazi, hatua moja moja. Hakuwa anahema kama mtu aliyebeba mzigo. Alikuwa anasema, taratibu, kwa sauti ambayo pengine aliitumia nyumbani kwake zamani: "Polepole. Hapo kuna ngazi. Haya, nyingine."

Wifi alimshika fundi mkono, na hawakuachiana mpaka gari la duka lilipoondoka.

Pesa iliingia siku ya tatu. Fundi hakuiacha ilale. Siku hiyo hiyo alikwenda ofisi ya shule akalipa ada, akapewa namba ya mtihani kwenye kikaratasi, akakibusu mbele ya karani bila haya. Chumba cha kushonea kilikuwa kipana tena. Kibonge, aliyekwisha jua kusimama, alizunguka akishikilia meza, akifika ile kona anasita, anaangalia juu, halafu anaendelea.

Alasiri, akiwa ameketi kwenye cherehani, simu ililia.

"Mpendwa mteja, bidhaa uliyorudisha imepokelewa ghalani na kukaguliwa. Idadi: mbili. Kubwa moja, ndogo moja. Kumbukumbu zetu zinaonyesha ulinunua moja tu. Je, ile ndogo ni mali yako?"

Fundi alisoma mara mbili. Mguu wake ulikuwa bado juu ya kanyagio, na sindano imezama katikati ya mshono. Alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa anajaribu kuachia meza, mkono mmoja, halafu wa pili.

"Si mali yangu," aliandika. Akafikiri, akaongeza: "Naomba zisiuzwe moja moja."

Vinukta vitatu vilichezacheza kwenye kioo kwa muda mrefu, kama mtu upande wa pili anaandika na kufuta, anaandika na kufuta.

"Ombi limepokelewa," likajibu Dawati la Huduma. "Wamepewa kiti."

Fundi alifungua daftari la vipimo, akautafuta mstari wa gauni la buluu, na kwenye safu ya mwisho, mbele ya tarehe, akaandika kama anavyoandika kwa mteja yeyote: limechukuliwa.